Sijda Ndefu ya Bi Mwatima

Soko la Woolwich, London, siku ya Jumamosi halina adabu. Kigari cha mtoto kinakukanyaga, wauza simu wanakupigia kelele, na mwavuli wa mtu usiyemjua unakuchoma shingoni. Afra, koti lake jekundu limefungwa mpaka kidevuni na ushungi umelowa mvua, alisimama kwenye meza ya ndizi akimtazama mwanamume mrefu aliyekuwa akizibonyezabonyeza ndizi za kupika kama anayechagua embe.

"Huyu akizila mbichi atajuta," Afra alijisemea.

"Basi nichagulie wewe, dada," mwanamume alijibu bila kugeuka. "Sitaki kujuta."

Afra alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amezoea kusema Kiswahili barabarani kama mtu aliye peke yake, na kweli alikuwa peke yake. Baba yake yuko Wete, Pemba; hapa London hana hata binamu. Kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani mwao, Thamesmead, na siku nyingine hao ndio watu pekee aliozungumza nao kutwa.

Alimchagulia ndizi, naye akamnunulia chai. Aliitwa Riyadh, mhandisi, mtoto wa Unguja aliyeletwa huku mdogo.

"Unatengeneza nini?"

"Kidude cha kubandika ukutani. Mzee anayeishi peke yake akianguka, kinajua, kinampigia mtu simu."

"Umekiwazaje?"

Riyadh alikizungusha kikombe. "Mama yangu alianguka jikoni, mimi niko kazini. Hakuna aliyejua mpaka nilipokwenda kesho yake, nimeshachelewa."

 Afra akamsogezea biskuti yake.

Tangu hapo simu ya Afra ikawa na uhai. Akiwa kwenye basi kutoka nyumba moja kwenda nyingine, Riyadh alipiga. "Umekula, habibti?" Akimweleza kazi yake alisahau hata kupumua: unaanza na swali, unachora, unaunda, unajaribu, kinakushinda, unarudi kulekule kwenye swali.

"Na mimi umenifikisha wapi?" Afra alimchokoza.

"Wewe bado nakuchora. Penseli imenitetemeka."

Afra alicheka mpaka abiria wakamgeukia. Alikuwa amesahau kwamba anajua kucheka hivyo.

Kidude kilipofika hatua ya kujaribiwa kwenye nyumba ya kweli, Afra aliomba ruhusa ofisini kwake, akampeleka Riyadh kwa Bi Mwatima, mjane wa Kizanzibari ambaye wanawe wako Kanada. Afra humwendea asubuhi na jioni, kumpa dawa na chakula. Bi Mwatima alikitazama kile kisanduku cheupe ukutani. "Haya, mwanangu. Angalau kutakuwa na mtu chumbani."

Siku ya pili simu ya Afra ikalia, maana kidude kilipewa namba yake: Bi Mwatima kaanguka. Alikimbia mpaka ushungi ukamtoka. Alimkuta bibi amekaa juu ya mswala, anavuta tasbihi.

"Sijaanguka mie. Nilikuwa kwenye sijda."

Jioni Riyadh aliposimuliwa alijishika kichwa. Ofisini wenzake walijitupa juu ya magodoro kila namna ili kukifundisha kuanguka, na hakuna hata mmoja aliyesujudu.

"Na wewe je?" Afra alimuuliza. "Husali?"

"Siku hizi, Ijumaa tu," alijibu, akitazama viatu vyake.

Riyadh alikichukua, akarudi kwenye swali. Lakini marekebisho yalichukua muda, na huku nyuma kidude kingine cha namna ileile, alichokiacha ukutani kwa bibi, kiliendelea kumpigia Afra. Afra akaanza kuona jambo. Sijda za Bi Mwatima zilikuwa zinarefuka. Alasiri, saa ambazo hakuna anayemjia, zilirefuka zaidi, na Afra kila alipofika mbio alikuta vikombe viwili vimeshatolewa. Hakumwambia mtu. Alikunywa chai, akaondoka.

Kisha kidude kikapona. Riyadh alifurahi kama mwanafunzi aliyefaulu. Kikajua kuanguka ni kipi na kusali ni kipi. Simu ikanyamaza.

Meneja wa Afra akaupenda ule ukimya. Bibi yuko salama, alisema, kidude kinamwangalia. Ziara ya jioni haina haja tena. Ikafutwa, na ya asubuhi akapewa mhudumu mwingine.

Afra alimpigia Riyadh akiwa kituo cha basi, analia waziwazi. "Umemtengenezea mwenzake wa ukutani ili sisi tuondolewe! Ulijua?"

"Sikujua, wallahi. Afra, mimi nilitaka kusaidia..."

"Umesaidia ofisi."

Akakata. Akaifungia namba yake.

Baridi ikaingia. Alirudi kwenye chumba chake cha kukodi, akala amesimama karibu na dirisha, simu kimya juu ya kitanda. Jioni basi lilipopita karibu na jengo la Bi Mwatima, aliona taa moja na akageuza uso. Alimkumbuka Riyadh, na kiburi kikamkataza kupiga.

Jumapili moja, siku yake ya mapumziko, alishindwa. Akakaanga mandazi, akaenda. Mlangoni alikuta viatu vya kiume.

Bi Mwatima alikuwa akitandika mswala wa Alasiri. "Karibu, mwanangu. Mwenzio yuko jikoni, anaunguza maji."

Riyadh alisimama na kijiko mkononi, amekonda.

"Unafanya nini hapa?" Afra aliuliza.

"Huja kila nikitoka kazini, na Jumapili. Hiki cha hapa nimekirudishia kosa lake. Sijda ikizidi, kinanipigia." Alikiweka kijiko chini. "Niliuliza tutajuaje mtu akianguka. Sikuuliza nani atakuja. Kwa mama pia sikuwa nakwenda, Afra. Nilikuwa napiga simu tu."

Afra aliweka mandazi mezani. Hasira aliyoibeba msimu mzima ilikosa pa kukaa.

"Nataka kutuma posa kwa baba yako," Riyadh alisema. "Huku sina mzee wa kumtuma ila yule bibi."

"Na mimi nani kaniuliza?"

Kabla Riyadh hajajibu, simu yake ikalia. Chumba cha pili, Bi Mwatima alikuwa amesujudu. Riyadh aliitazama tu.

"Hupokei?"

"Isipopokelewa inakwenda kwa wa pili."

Ikanyamaza. Mkobani mwa Afra, simu ikaanza kulia.

"Na wa pili asipopokea?"

"Hakuna wa tatu."

Afra aliitoa, akaiweka sikioni. Kupitia kile kidude alisikia pumzi ya kikongwe, na dua ya kunong'ona: jina la Afra, kisha la Riyadh, kisha la Afra tena.

"Nipo, bibi," alisema polepole. Akamnyooshea Riyadh mkono ule mwingine. "Tupo."