Nilimkana Mbele ya Sweta Zake

"Kumbe mnafahamiana?" bosi aliniuliza.

Mchumba wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi wa maonyesho, vumbi hadi magotini, furushi la sweta kichwani. Alikuwa ameniita "mrefu wangu", jina analoniita yeye tu. Wageni wenye suti waligeuka wote.

"Hapana," nikajibu. "Ni mmoja wa wale mafundi wa kijijini."

Alisikia. Akatua furushi, akazitundika sweta moja moja, kisha akasema kwa adabu:

"Mzigo umefika, bwana afisa. Naomba nirudi kwa wenzangu."

Akaondoka. Bosi akanishika bega.

"Wanajua kazi hawa. Hata hii uliyovaa imetulia. Umeitoa wapi?"

Alinifumia mchumba wangu, kwa miezi miwili. Simu ikaita kidogo mfukoni, ujumbe wake:

"Sina hasira. Najionea aibu tu, kwa jinsi nilivyokuwa nakusifia kwa mama."

Nikairudisha simu mfukoni.

"Bosi, nimekudanganya. Yule ni mchumba wangu."

Akanyoosha kidole mlangoni. "Sasa unafanya nini hapa?"

Nilifika kijijini jua likiwa bado kali. Wanawake tisa walikuwa barazani wanafuma, yeye katikati yao, kainamia uzi wake. Mama yake akainuka kunipisha kiti.

"Karibu, mkwe wangu. Mbona jasho hivyo?"

Hakuwa ameambiwa kitu. Mwanawe alikuwa amenisitiri. Hapo ndipo aibu iliponiingia mifupani.

"Mama, kiti hicho sikistahili. Leo nimeulizwa kama namjua mwanao, nikasema simjui."

Sindano zote zikatulia.

"Umemkana mtoto wa watu kwa sababu ya vumbi?" shangazi yake aliuliza.

"Ndiyo, shangazi."

Mchumba wangu akainua uso. "Nilishakufichia. Umesema ya nini?"

"Nilikukana mbele za watu. Nije nikuombe radhi uchochoroni?"

Ndipo machozi yakamtoka.

"Posa yako imekufa," akasema. "Ukinitaka, lete wazee upya."

Niliwaleta mwezi uliofuata. Alikubali, tukaoana. Ila mpaka leo, akinishika mkono mbele za wageni na kusema, "Huyu ndiye mume wangu," mimi huangalia chini.