Chupa Nyeusi ya Nyumba ya Poot

Chupa zote zilizopangwa kwenye rafu ya jikoni zilibaki na maji meupe, isipokuwa moja, nayo ilikuwa ya kisima cha nyumba ile ile, ya akina Poot.

Addy Canul ndiye aliyepewa na zahanati kazi ya kupima visima vya kijiji. Kazi yenyewe haikuwa ya kuumiza kichwa: unajaza maji kwenye chupa yenye karatasi ya dawa, unafunga, unaiweka penye joto. Maji yenye uchafu wa choo hugeuka meusi kesho yake. Haya ya kwao yaligeuka kabla hajamaliza kukanda unga wa mahindi. Tena yalinuka kupitia kifuniko, na haikuwa harufu ya choo. Ilikuwa harufu ya jasho lake mwenyewe.

"Hiyo chupa mbovu," alisema mama mkwe wake, Bi Basilia, bila kugeuka. "Maji haya tunakunywa tangu enzi za babu yake Wilberth. Nani kafa?"

"Nitapima tena, mama."

"Pima mpaka uchoke! Siku hizi mtu akipewa kachupa anajiona daktari."

Addy alitoka saa sita mchana, jua la utosi. Saa hiyo hakuna anayechota maji pale kijijini, maana ndiyo saa mwenye kisima, pepo aishiye chini ya maji, hupanda juu kuvuta pumzi. Addy aliyajua hayo tangu utotoni. Akajiambia ana kazi ya zahanati, akateremsha chupa kwa uzi.

"Addy," sauti ya mumewe, Wilberth, ikamwita kutoka chini ya kisima.

Aligeuka. Wilberth alikuwa amelala kwenye bembea yake ya kamba kivulini, anakoroma, na mtoto wao Mireya kifuani pake. Uzi ukavutwa kutoka chini, taratibu, ukamponyoka. Kwa kiherehere cha kuokoa chupa ya watu alichukua ile ndoana ya kuopolea ndoo, akaitupa, akahisi imenasa kitu kizito, akavuta, mpaka pale jua lilipogusa maji akaona kitambaa cheupe chenye maua mekundu aliyoyadarizi kwa mkono wake, gauni lake la harusi, lile aliloambiwa limeibwa kambani mwaka ule Wilberth alipokuwa mahututi. Na kabla hajapiga kelele kitu kikalishika gauni kwa chini, kikalirudisha gizani pamoja na ndoana.

Alimwamsha mumewe kwa kumtikisa.

"Gauni langu limefikaje kisimani?"

Wilberth alimtazama mama yake. Mama yake akaangalia sufuria.

"Mganga alisema kuku," Addy alinong'ona. "Kuku mweusi, abadilishwe na roho yako. Nilimtoa kuku wangu mwenyewe, Wilberth. Yuko wapi yule kuku?"

"Ulimla," alisema Bi Basilia. "Siku ile ya mchuzi mweusi. Ukaomba uongezewe."

"Mwenye kisima alinijia ndotoni," Wilberth alisema, machozi yanamlengalenga. "Alimkataa kuku. Alitaka mtu, nikamtupia gauni lako badala yako. Nilikuwa nakufa, Addy. Ningefanyaje?"

Ningefanyaje! Miaka yote hiyo alikuwa akila mikate aliyochomewa na mkewe, akimbusu shingoni, na anajua. Addy aliumia kuliko alivyoogopa.

Aliitwa Mzee Fulgencio, mganga yule yule, akaja amefura kwa hasira. "Mimi niliwaambia kuku! Sasa sikiliza, kijana. Aliyetoa ndiye anayerudisha. Vuta gauni kwa mkono wako, na likifika juu useme, 'Huyu ni wangu.' Bila hivyo, mkeo hamalizi siku."

Wakateremsha ndoana nyingine. Wilberth akavuta. Maua mekundu yakaonekana, yakapanda, yakafika karibu ya kushikwa, na Addy, aliyemkumbatia Mireya kwa nguvu, akaanza kuamini kwamba mumewe atamrudisha, mpaka ile homa ya zamani ikampanda Wilberth mbele ya macho yao, meno yakagongana, jasho likamchuruzika, na kutoka chini sauti ya Addy mwenyewe ikasema kwa upole, "Ukimchukua yeye, unakuja wewe."

Wilberth alimtazama mkewe.

"Nisamehe," alisema, akaachia kamba.

Mganga alibeba mkoba wake akaondoka bila kuaga. Addy hakumwona, kwa sababu baridi ilikuwa imeshamfika kooni, na alipotaka kumwita mwanawe kinywa kilijaa maji, na alipofumbua macho mbingu ilikuwa duara dogo, kama mkate wa mahindi, mbali sana juu.

Ukingoni walikuwa wameinama watu watatu: Wilberth, Bi Basilia, na mwanamke mwenye nywele zake, uso wake, na Mireya wake kiunoni. Mtoto peke yake ndiye aliyekuwa akilia, akimsukuma mwanamke yule kifuani, ananyoosha mikono kuelekea chini.

Bi Basilia alileta ile chupa ya rafuni, akaiinua juani. Maji yalikuwa meupe kabisa.

"Yamepona," alisema.

"Si nilikwambia nitapima tena, mama," alijibu yule mwanamke kwa sauti ya Addy, akaburuta kifuniko cha kisima akafunika.