Mwezi wa Tano wa Mshtarii

Picha ya kwanza ya Apolonia kutoka vizuri ilikuwa na kasoro moja tu: mwezi wa ziada.

Msimcheke. Alikuwa amehangaika wiki nzima na ile darubini ya mtumba aliyoinunua Kahama, ya kujifunzia, miguu mitatu inayotetemeka hata ukipiga chafya. Makoye mumewe alinuna, kisha akazoea. Apolonia alibana simu kwenye kioo cha kuchungulia, na sayari ya Mshtarii ikatokea kama tone la maziwa. Akapunguza mwanga. Akachukua video, akaiachia simu ichague vipande vilivyotulia na kuvipandanisha viwe picha moja. Mistari ya sayari ikaonekana! Akapiga vigelegele peke yake. Pembeni kulikuwa na miezi midogo minne, kama alivyosoma. Na wa tano, mwekundu, juu kabisa.

"Vumbi la karasha hili," akajiambia. Rwamgasa nzima inasaga mawe ya dhahabu, vumbi litakosaje?

Jioni iliyofuata aliirudisha darubini nyuma ya nyumba, palepale alipoiweka jana, kwenye zege lililofunika duara la zamani, shimo la wachimbaji lililofungwa kabla yeye hajaolewa kutoka Kagongwa. Hapakuwa na mahali pagumu kushinda pale. Kila alipotaka kukaza skrubu aliwasha tochi, akazima, akawasha tena. Kwenye picha mpya, mwezi ule mwekundu ulikuwa umekua. Palinuka udongo mbichi, na mvua haikuwa imenyesha. Halafu akasikia kitu kikikwaruza chini ya nyayo zake, taratibu, kikatulia alipozima tochi, kikaanza tena alipowasha, na sasa kilikuwa karibu zaidi, kama kucha zinazotafuta pa kushika kwenye mwamba, na Apolonia akanyakua simu akakimbilia ndani bila hata kukumbuka kandambili zake.

"Baba Noela," alinong'ona, "hebu ona huu mwezi."

Makoye aliikuza picha.

"Huu si mwezi, Mama Noela. Hii ni tochi ya kichwani. Ya mchimbaji."

"Mbinguni?"

"Si ulisema darubini yako inapindua, kilicho chini inakiweka juu? Umeisimamisha wapi?"

"Kwenye zege la nyuma."

"Na tochi ukawa unawasha?"

"Nawasha, nazima. Skrubu nitazionaje?"

"Mayu wane! Kuwasha na kuzima mdomoni mwa duara ni kumwita aliye chini. Maana yake: panda, zamu imeisha, mwenzako anashuka."

"Kwani kuna mtu mle? Si mliwatoa wale waliofukiwa?"

"Tuliwatoa wote wawili, tukawazika." Makoye alishusha sauti mpaka ikawa pumzi. "Tulipotoka makaburini tukakuta kamba ya kushukia duarani inatikisika. Ndiyo maana tukamwaga zege."

Apolonia alimshika shati. Hakutaka atoke. Lakini Makoye alisema ile darubini na tochi aliyoiacha inawaka vikibaki pale ni sawa na kuendelea kuita, akatoka, akamwambia afunge komeo.

Alifunga. Akasikia nyayo za mumewe zikizunguka nyumba, akasikia chuma kikigusa zege, kisha kimya, kimya kirefu, hata mashine za karasha zikawa kama zimezimwa, na akajikuta anasali sala zote anazozijua, anaziruka katikati, anaanza upya, mpaka nyayo ziliporudi, nzito, zenye maji, zikasimama mlangoni.

"Apolonia," ilisema sauti ya Makoye. "Fungua."

Mkono ulikuwa tayari kwenye komeo. Ukaganda. Tangu Noela azaliwe, mumewe hajawahi kumwita kwa jina lake.

"Fungua, Apolonia. Zamu yangu imeisha. Nina njaa."

Harufu ya udongo ikapenya chini ya mlango. Na chini ya sakafu, mbali sana, mtu akaanza kugonga mwamba kwa nyundo, akapumzika, akakohoa kile kikohozi kikavu cha Makoye, kisha akaendelea kugonga.