Kuku Waliokataa Chai

Mzee Rangi aliuza chai kwenye kibanda mbele ya nyumba. Jina hilo alipewa na wateja, maana chai yake ilikolea rangi na ukali kupita kiasi. Nyuma ya nyumba, mkewe, Mama Kuku, alifuga kuku kumi na wawili wa mayai. Mayai yote yalichukuliwa na mwoka keki wa mtaa wa pili.

Asubuhi moja mwoka keki alikuja na sahani. Akapasua yai. Ute ukatapakaa mpaka ukingoni.

"Dada, tazama mwenyewe. Yai la juzi tu hili! Keki zangu zinabonyea. Nakupa mwezi mmoja, la sivyo natafuta mayai kwingine."

Mama Kuku aliumia sana. Mteja wake alikuwa huyo mmoja tu.

"Usijali, mke wangu," alisema Mzee Rangi. "Nimesikia kibandani kwamba majani ya mimea yanawafaa kuku. Na majani ninayo tele!"

Hakuuliza mtu. Alichukua makapi ya chai ya siku nzima, pamoja na tangawizi, maziwa na sukari, akachanganya na chakula cha kuku, nusu kwa nusu.

Kuku walidonoa mara moja, wakakung'uta vichwa. Mmoja mwekundu alimgeuzia Mzee Rangi mgongo kabisa. Baada ya siku nne, mayai ya kila siku yalishuka kutoka kumi hadi matatu.

"Umewagomesha kuku wangu!" Mama Kuku alifoka. "Baba watoto, chai yako hata watu wanainywa wamefumba macho!"

Akamwita bibi mifugo, mtaalamu anayewatembelea wafugaji. Bibi mifugo alinusa chakula, akakohoa.

"Mzee wangu, ulichosikia kina ukweli. Majani mengi yana viambato viitwavyo polifenoli. Vinausaidia mwili wa kuku kustahimili joto, na vinaweza kusaidia yai lisichakae upesi. Lakini vikizidi, chakula kinakuwa kichungu. Kuku akikataa kula, atatagaje?"

"Na maziwa je?"

"Maziwa wape wateja wako! Mwageni chakula hiki. Pale uani mna mlonge. Kausheni majani yake kivulini, myasage. Kwa vikombe hamsini vya chakula cha kuku wa mayai, tieni kikombe kimoja tu. Maji safi yasikosekane. Haya, mayai mnayaweka wapi?"

Mume na mke walitazama rafu iliyo juu ya jiko la chai.

"Kumbe mnayapika taratibu!" bibi mifugo alicheka. "Yawekeni penye ubaridi."

Walifuata kila neno. Kuku walianza tena kula, kisha kutaga.

Mwezi ulipotimia, mwoka keki alikuja na sahani yake. Mama Kuku alishika upindo wa kanga yake kwa mikono miwili. Yai likapasuliwa. Ute ulikaa pamoja, na kiini kikainuka katikati.

"Dada, haya ndiyo mayai! Sitaki ya mtu mwingine."

Mama Kuku alishusha pumzi, machozi yakimlengalenga. Kwa furaha, Mzee Rangi alimmiminia mgeni chai. Mwoka keki akanywa funda moja, akakung'uta kichwa, sawasawa na kuku.

Mama Kuku aliangua kicheko.

"Baba watoto, na majani ya chai pia yapime! Vikombe hamsini, kikombe kimoja!"