Barua ya Visima Vinne

Kila Ijumaa saa kumi jioni Graciella aliketi juu ya gunia la maharagwe katika depo, ghala la biashara la baba yake, akafungua simu na kuandika Barua ya Visima. Depo yenyewe ilinuka. Malori ya baba huyo, Papa Paluku, yalikuwa yamekwama njiani kwa majuma kwa sababu ya vita vya mashariki, na vitunguu vilipofika vilikuwa vimegeuka uji mweusi. Harufu ile ilimganda binti kwenye nywele, hata akila chakula aliisikia.

Mwaka huo Lubumbashi ilikuwa imechafuka kweli kweli. Mabomba yalikauka, takataka hazikuzolewa, shule zilifungwa kwa mgomo, na kipindupindu kikaingia mtaani bila kubisha hodi. Wenye nyumba kule Golf, mtaa wa matajiri, walikuwa na matangi yao. Mtaa wa kina Graciella ulikuwa na visima vinne tu. Kila Alhamisi muuguzi alivipima akaacha kibao kando ya kila kimoja. Kibao cheupe, maji yanafaa. Chekundu, usiguse.

Madame Virginie, mwalimu wa Graciella, ndiye aliyebuni barua hiyo. Makundi ya WhatsApp yalikuwa yamejaa uvumi na matusi, kwa hiyo akachagua barua pepe moja kwa juma, itakayowafikia hata akina baba waliokwenda kuchimba madini Kambove.

"Ijumaa asubuhi unazunguka visima, jioni unaandika," alimwambia Graciella. "Siku ni ile ile, saa ni ile ile. Bantu ba mutaa banaizoea, na banaingojea."

Majuma manne Graciella alifanya hivyo, ingawa kisima cha tatu kilimtia kinyaa. Kilikuwa karibu na jaa lenye nzi wa kijani, nepi zilizooza na mbwa mfu ambaye hakuna aliyetaka kumgusa. Alipita hapo amebana pua, akichungulia kibao kwa jicho moja.

Juma la tano mvua kubwa ikanyesha tangu Jumatano. Ijumaa asubuhi barabara ilikuwa tope lenye povu, na Graciella akifikiria tu kulikanyaga alisisimka mwili. Akarudi kitandani. Jioni alifungua barua ya juma lililopita, akabadili tarehe, akatuma. Visima vyote vinne, maji safi. Kazi ya dakika mbili, naye akajiona mjanja sana.

Jumapili rafiki yake Deborah alikuja mbio, nguo zimelowa.

"Graciella, Tracy iko anatapika tangu jana! Anatoa mayi tupu. Bamemupeleka ku centre ya afya."

Tracy alikuwa mdogo wake Deborah, wa miaka minne.

"Mulikunywa mayi ya wapi?" Graciella aliuliza.

"Ya kisima ya tatu. Papa alisoma barua yako kule Kambove, akatupigia simu. Akasema mukachote pale, iko muzuri. Tulienda usiku, kibao hatukuiona."

 Graciella alikimbia hadi kisima cha tatu. Kibao kilikuwa chekundu. Ukuta wa choo cha jirani ulikuwa umebomolewa na mvua, na uchafu wake ulikuwa ukitiririka taratibu, wa manjano, ukivuka jaa na kuingia kisimani. Funza walielea juu ya maji. Kwa harufu ile, hata mtu mwenye mafua angejua akiwa hatua ishirini.

Alitapika palepale. Lakini alipopangusa mdomo, kichefuchefu hakikuondoka. Alijua sasa kwamba kitu kilichonuka kuliko vyote ni ile barua yake, iliyoandikwa vizuri, yenye salamu na tarehe mpya.

Aliporudi depo alimkuta Papa Paluku ameingiza mkono ndani ya gunia hadi begani. Ndiyo desturi yake: hauzi gunia kabla ya kufikisha mkono chini kabisa, kisha kuutoa na kuunusa. Wafanyabiashara wenzake walimcheka kwa hilo. Graciella alimweleza yote, akilia.

Baba alichomoa mkono. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeonja kitu kibovu.

"Unajua, mama, sasa hivi naona haya mbele ya mutoto wangu mwenyewe," alisema. "Kamata simu. Andika ile yenye ulifanya, na jina yako chini. Kisha tutapita nyumba kwa nyumba, miye na weye."

Graciella aliandika: "Barua ya Ijumaa ilikuwa ya uongo. Sikwenda visimani. Nilinakili ya juma lililopita. Kisima cha tatu kina kibao chekundu, maji yake yana kinyesi. Msinywe. Mimi, Graciella Paluku." Akatuma.

Tracy alitundikiwa maji ya dawa siku tatu, akapona. Deborah hakusema na Graciella mwezi mzima.

Tangu hapo Graciella alibadili mwendo. Kila Ijumaa saa moja asubuhi alianza na kisima cha tatu, kwa sababu ndicho alichokichukia zaidi. Aliandika rangi ya kibao na saa akiwa amesimama palepale, miguu topeni, kabla ya kwenda kingine. Jioni alibaki na kazi ya kuunganisha tu. Hata hivyo kila barua ilijibiwa kutoka Kambove na Papa Donat, baba yake Tracy, kwa swali moja lilelile: "Ulienda, ao ulikopia?"

Kila mara alijibu, na kila mara uso ulimwaka moto. Ijumaa ya sita ya kuulizwa hivyo alishindwa kuvumilia.

"Papa, ataniuliza mpaka siku gani?"

Papa Paluku alichomoa mkono wake kwenye gunia, akaunusa.

"Mpaka atakuamini. Sikiliza, mama. Juu ya mufuko kila kitu inaonekanaka muzuri. Siku ingine nachoka, nasema leo sitatia mukono. Kisha nafikiri, kama yenye imeoza ni ya leo? Kazi ya kila juma unaifanya ata siku yenye unachukia, kwa sababu kuna muntu anakunywa kwa neno yako. Ukienda kila mara, ye mwenyewe ataona. Hautamwambia kitu."

Ijumaa ya saba ilinyesha tena. Graciella alizunguka visima vyote, akarudi amelowa na ananuka, akatuma barua saa kumi kamili. Jibu la Papa Donat likaja baada ya dakika chache. Alilifungua akiwa tayari na aibu yake.

"Merci, mutoto. Nimebapigia simu ku nyumba. Tracy ameenda kuchota na dada yake."