Jiwe la Mtandao

Saa ya mkono ya marehemu mumewe, Adventina aliitundika kwenye msumari kando ya mlango. Kila asubuhi aliitia ufunguo, kabla hata ya kunawa uso. Kusoma maandishi kulimpa shida, lakini kusoma saa alijua vizuri sana. Na saa ile haikuwahi kumdanganya hata siku moja.

Adventina alikuwa mkulima huko Songambele, wilaya ya Kyerwa. Kibanja chake, yaani shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba, kilikuwa safi kuliko sebule za watu wengine. Aliishi na mkwewe, Joanitha, na mjukuu wake Ainebyona, mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Eliud, mume wa Joanitha, alikuwa fundi wa kujenga nyumba. Alifanya kazi Muleba na alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi.

Joanitha alitamani jambo moja tu. Alitaka kusomea ushonaji katika chuo cha ufundi huko Karagwe. Maombi yalitumwa kwa intaneti, na mwisho wake ulikuwa Ijumaa. Kozi ilikuwa ya miezi sita, na mtoto asingeweza kwenda naye.

"Nitamlea," Adventina alikuwa amesema. "Ila nataka nione kwanza kama wewe ni mtu wa kushika neno."

Alikubali, lakini kwa shingo upande. Joanitha alilijua hilo, akawa anatembea kwa tahadhari kama mtu aliyebeba mayai.

Pale nyumbani mtandao ulikuwa wa shida. Ukitaka kuongea na mtu, ilibidi usimame karibu na banda la mbuzi, ugeukie kanisani. Kwa intaneti ndiyo usiseme. Kwa hiyo watu wa kijiji walipanda kilimani, mwendo wa nusu saa. Juu kabisa kulikuwa na jiwe kubwa linalotazama bonde la Mto Kagera. Waliliita Jiwe la Mtandao. Ukikaa pale, mistari yote ya mtandao inajaa kwenye simu. Jioni ungekuta watu kumi wamekaa, kila mmoja ameinamia simu yake.

Jumatatu Joanitha alinunua vocha ya shilingi elfu tano. Aliiweka kwenye simu, akapanda hadi kwenye jiwe, akawasha data. Alitulia kidogo, akasalimiana na watu. Kisha akataka kujiunga na kifurushi. Simu ikamjibu kwamba salio lake halitoshi.

"Halitoshi vipi?" alishangaa. "Nimeweka sasa hivi!"

"Hawa watu wa simu ni wezi," alisema Melkiory, jirani yao, aliyekuwa amekaa pembeni. "Mimi wamenila mpaka nimezoea."

Joanitha alirudi nyumbani. Hakumwambia mama mkwe.

Jumatano asubuhi alipata vocha nyingine. Siku hiyo Adventina alitaka kwenda Ihembe kumwona dada yake aliyetoka hospitali. Haisi ya abiria ilikuwa ikipita barabarani saa nne na nusu. Ikishapita hiyo, ni mpaka kesho.

"Niachie mtoto uende," alisema Adventina. "Lakini saa nne uwe umerudi."

"Nitakuwa nimerudi, mama."

Joanitha alimaliza kumenya ndizi, akaondoka mbiombio bila hata kutazama saa. Kwenye jiwe, vocha ikaisha tena. Alijaribu hiki, akajaribu kile, wapi. Alitazama simu. Ilionyesha saa tatu na robo. Akasema moyoni, afadhali nawahi. Akashuka kilima.

Alimkuta Adventina amekaa mlangoni. Amevaa gauni la safari. Mkoba uko magotini. Mtoto amelala mgongoni.

"Sasa ni saa ngapi, Joanitha?"

"Saa nne kasorobo, mama. Nimewahi."

Adventina aliinuka, akatoa saa kwenye msumari, akamwekea mbele ya macho. Ilikuwa saa tano kasorobo. Haisi ilikuwa imeshapita.

"Haiwezekani," alisema Joanitha. "Nilipotoka kule simu ilisema saa tatu na robo!"

"Na sasa inasema nini?"

Joanitha aliitoa simu. Ikasema saa tano kasorobo. Akakifuta kioo kwa kidole gumba, akatazama tena.

"Mawe!" Adventina alimaka. "Hata simu yako imekukana. Saa nzima ulikuwa wapi? Na vocha iko wapi?"

"Imeisha, mama."

"Umetuma maombi?"

"Hapana. Imeisha yenyewe. Hata ile ya Jumatatu iliisha yenyewe."

"Kumbe na Jumatatu! Vocha ina miguu, Joanitha? Saa nayo ina miguu?" Adventina alimtua mtoto na kumkabidhi mama yake. "Basi. Mambo ya chuo tuyaache. Mtu anayenidanganya kwa saa moja, miezi sita itakuwaje?"

Joanitha alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, akalia. Kilichomuuma si chuo peke yake. Kilichomuuma ni kuitwa mwongo na huku amesema kweli, na hana namna ya kuonyesha.

Adventina naye hakupata raha. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu wa kuonea. Jambo moja lilimsumbua. Mwongo hupanga uongo wake vizuri. Huyu alisema saa nne kasorobo kwa ujasiri, kisha akaitazama simu yake mwenyewe akashtuka. Nani hudanganya hivyo?

Alhamisi asubuhi alijifunga kitenge. "Twende kwa wakala," alimwambia Joanitha. "Aliyetuuzia vocha atueleze zinakwenda wapi."

Wakala aliitwa Felicitas. Alikuwa mama wa makamo aliyehamia kutoka Bukoba. Aliuza vocha, alitoa na kupokea pesa za simu, na aliongea sana. Kibanda chake kilikuwa sentani, penye maduka ya kijiji, karibu na kituo cha bodaboda. Walimkuta anamhudumia Melkiory.

"Shikamoo, mama," Felicitas alimwamkia Adventina.

"Marahaba. Felicitas, vocha zako ni mbovu."

Felicitas akacheka. "Vocha hazivundi kama ndizi, mama. Kaa hapa kwenye benchi, uniambie."

Adventina alieleza yote. Hakuficha hata habari ya saa. Felicitas alisikiliza, na kicheko kikapungua usoni.

"Joanitha, ulikuwa umekaa wapi ulipowasha data?"

"Kwenye Jiwe la Mtandao, dada."

"Nilijua. Naomba simu. Unaruhusu nisome meseji zako?"

"Soma tu."

Felicitas alipekua. Akasimama kwenye ujumbe wa Jumatatu. "Huu uliusoma?"

"Niliuona. Umeandikwa 'Karibu Rwanda'. Nilidhani ni tangazo la watalii."

"Wengi hufanya hivyo. Ujumbe mrefu, wanaufunga. Sasa sikiliza." Felicitas alisoma kwa sauti, taratibu. Ujumbe ulisema kwamba simu imeingia kwenye mtandao wa nje ya nchi. Ulitaja bei ya intaneti ukiwa huko, na bei hiyo ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ya nyumbani.

"Nje ya nchi?" alisema Adventina. "Huyu hajawahi kufika hata Bukoba!"

"Yeye hajafika, mama. Simu yake ndiyo imefika. Simu ni kama mbuzi aliyekata kamba. Haijui mpaka, inafuata penye majani mengi. Kule juu ya kilima, mnara wa Rwanda, ng'ambo ya mto, una nguvu kuliko wa kwetu. Simu inauacha wa kwetu, inashika ule. Hiyo ndiyo watu wanaiita romingi. Hapo kila kitu kinakatwa kwa bei ya wageni."

"Mbona sikufungua kitu chochote?" aliuliza Joanitha. "Niliwasha data tu."

"Ukiwasha data, simu haikai bure. Inapokea picha za makundi, inasasisha programu, yote kimyakimya. Na wewe hukuwa na kifurushi bado, kwa hiyo ilikula vocha moja kwa moja. Hata ungekuwa nacho, kifurushi cha kawaida cha nyumbani hakifanyi kazi kwenye mtandao wa nje."

Melkiory alikuwa ameacha kuhesabu pesa zake. "Kwa hiyo miaka yote hii nakaa kwenye jiwe nalisifu, kumbe natumia mtandao wa watu?"

"Kwa hiari yako mwenyewe, baba."

Adventina aliinua mkono. "Hayo ya vocha nimeelewa. Saa je?"

Felicitas alimtazama Joanitha, kisha akamtazama mama mkwe. Sasa aliongea polepole.

"Mama, wenzetu wa ng'ambo saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Sisi tukiwa saa nne, wao ni saa tatu. Simu nyingi zinajirekebisha zenyewe kufuata mnara. Ukipanda kwenye jiwe, simu inarudi nyuma saa moja. Ukishuka nyumbani, inarudi kwetu. Joanitha alisoma saa ya Rwanda."

Ainebyona alikuwa anachezea funguo za kibanda.

Melkiory alijipiga paja. "Ndiyo maana! Mwezi uliopita nilichelewa kikao cha kahawa, wakanitoza kreti ya soda! Niliwaapia kwamba nimewahi, wakanicheka!"

"Nataka kuona kwa macho yangu," alisema Adventina.

Wakapanda kilima, yeye na Joanitha, mtoto wakamwacha kwa Felicitas. Walipitia nyumbani kwanza, Adventina akaibeba saa ya mkono ndani ya kitambaa. Walipofika juu, alikaa kwenye jiwe akapumua. Kisha akaishika saa mkono wa kushoto, na simu mkono wa kulia. Saa ilisema saa sita na dakika kumi. Simu ilisema saa tano na dakika kumi.

Akazisogeza karibu, akalinganisha tena.

"Joanitha."

"Abee, mama."

"Nimekuonea. Nilikuita mwongo na wewe ulisema kweli. Nisamehe, mwanangu."

Joanitha aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimtoka. Adventina akampangusa kwa ncha ya kitenge, kisha akafungua fundo la kitenge kilekile, akatoa shilingi elfu tano. Ilikuwa nauli yake ya kwenda Ihembe.

"Ihembe nitakwenda wiki ijayo. Kesho ni Ijumaa."

Walirudi kwa Felicitas. Safari hii Joanitha alifanya kila kitu mwenyewe, na Felicitas akimwelekeza.

"Zima data kwanza. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta mahali pa mtandao. Zima romingi. Sasa chagua mtandao wako wewe mwenyewe, usiiache simu ichague. Umeona jina la kampuni yako juu ya kioo?"

"Limekaa."

"Sasa weka vocha. Usiwashe data bado! Jiunge na kifurushi kwanza. Umepata ujumbe wa kujiunga?"

"Umefika."

"Usome wote. Ni cha siku ngapi?"

"Siku saba. Kinaisha Alhamisi ijayo, saa saba mchana."

"Vizuri. Watu wengi hujiunga na cha siku moja jioni, wakalala, asubuhi wakanuna kwamba wameibiwa. Sasa washa data. Na programu zisijisasishe zenyewe, uzizuie hapa."

Pale sentani mtandao wa nyumbani ulikuwa wa kutosha, ingawa wa kusuasua. Joanitha alikaa kwenye benchi, akajaza fomu. Picha ya cheti ilichukua muda mrefu kuondoka. Adventina alisimama nyuma yake bila kupepesa macho. Mwisho simu ikalia. Maombi yalikuwa yamepokelewa.

"Sasa na zile zilizoliwa?" aliuliza Adventina. Hakuwa mtu wa kusahau.

"Tupige mia moja, huduma kwa wateja," alisema Felicitas. "Ila uwe na tarehe na ujumbe wenyewe. Ukipiga na hasira peke yake, utarudi nayo hivyohivyo. Wakikupa namba ya malalamiko, iandike. Wasipokujibu, kuna mamlaka ya mawasiliano ya serikali, unapeleka kwao."

Joanitha alipiga, akaeleza kwa utulivu, akaandika namba aliyopewa kwenye daftari. Baada ya siku nne kampuni ilirudisha vocha ya Jumatano. Ya Jumatatu hawakurudisha. Walisema Jumatatu ujumbe wa bei ulitumwa, ila Jumatano haukutumwa. Adventina alinung'unika wiki nzima, na alikuwa na haki ya kunung'unika. Lakini tangu siku hiyo hakuna ujumbe uliofungwa nyumbani kwake kabla haujasomwa kwa sauti mpaka mwisho.

"Wewe je, ulijuaje haya yote?" Joanitha alimuuliza Felicitas siku nyingine.

"Mwaka wangu wa kwanza hapa nililiwa kuliko ninyi wote," alisema Felicitas. "Nilikwenda Rubwera kugombana na watu wa kampuni. Dada mmoja akanionyesha jina la mtandao juu ya kioo changu. Niliona aibu, nikanyamaza. Nilikosea kunyamaza."

Kule kilimani Melkiory aliandika juu ya jiwe kwa chokaa, herufi kubwa za kupindapinda: KABLA YA KUWASHA DATA TAZAMA JINA LA MTANDAO. Watu bado wanapanda, kwa sababu upepo ni mzuri na maongezi ni matamu. Lakini wanatazama.

Joanitha alipata nafasi. Siku ya kuondoka, walisimama barabarani wote watatu, na sanduku miguuni. Walikuwa wamefika mapema sana, kwa amri ya Adventina. Haisi ilipoonekana kwa mbali, Adventina alifungua kitambaa.

"Simu unayo," alisema. "Lakini chukua na hii. Hii haivuki mto."

Joanitha aliiona saa ya marehemu baba mkwe, akarudi nyuma hatua moja. "Hapana, mama. Na wewe utajuaje saa?"

Adventina alimfunga ile saa mkononi, akakaza mkanda mpaka tundu la mwisho. Kisha akampandisha mjukuu mgongoni.

"Mimi nina Ainebyona," alisema. "Njaa yake haijawahi kuchelewa hata dakika moja. Nenda, mwanangu. Najua utarudi siku uliyosema."