Koti la Buluu Kutoka Robota la Misheni

Jua la Ruhembe hukausha kila kitu, lakini koti la Donati lilikaa kambani siku tatu na bado lilidondosha maji.

Ilikuwa 1974. Duka la kijiji cha ujamaa lilikuwa na chumvi na viberiti tu. Robota la nguo lilipofunguliwa misheni, Selestina, mjane wa mtoto mmoja, aligombania koti dogo la buluu mpaka akang'oka kucha. Kafaulaya, watu waliziita nguo zile, wakidai wenyewe walishakufa huko Ulaya. Selestina alicheka. Maiti gani atafunga safari yote hiyo kudai koti? Akamvisha mwanawe.

Mchana uleule Donati alianza kutetemeka; Selestina akamvua koti, akalifua na kulianika. Klorokwini ya zahanati haikufua dafu. Nyumba ikanuka maji ya chumvi, harufu ambayo Selestina, mzaliwa wa milima ya Vidunda, hakuwahi kukutana nayo. Kisha, kwenye sakafu ya udongo aliyoifagia muda huohuo, nyayo ndogo za majimaji zikaanza mlangoni, zikazunguka mafiga, zikafika kitandani na kukoma hapo bila nyayo za kurudi, na Donati akasogea ukutani kama anayempisha mtu alale.

"Mama," alinong'ona, "anasema anasikia baridi."

Selestina alimkimbilia Bibi Hildegarda, mganga, akaja naye, akaanua koti na kumwonyesha.

"Shikamoo, bibi. Nisaidie."

"Marahaba. Nguo hii nani aliigawa?"

"Misheni, bibi."

"Siulizi hiyo. Siku ya kuanua matanga, ndugu gani wa marehemu aliitoa kwa mkono wake?"

Selestina akaligeuzageuza koti mikononi, maji yakizidi kudondoka.

"Basi bado ni yake, na ameifuata. Keti mkekani, uwe mama yake, umlilie, ndipo uigawe. Jina lake lipo?"

Ndani ya ukosi palishonwa kitambaa chenye herufi. Selestina, mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima, alisoma kwa kidole: "Tho... mas." Mishono ilikuwa midogo mno, ya mama mwenye subira. Ilimuuma.

"Mlilie huyo tu," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Usitaje mwingine; anayeliliwa ndiye huondoka."

Selestina aliketi mkekani na koti mapajani, lakini machozi yaligoma. Utamliliaje mtoto usiyembeba? Nyuma yake pumzi za Donati zilikuwa zinakatika, naye akageuka kumtazama, akamwona ndani ya sanda, akaliona kaburi lake kando ya la baba yake kule mlimani, akajiona anarudi kwenye nyumba isiyo na wa kumwita mama, na machozi yakamwagika pamoja na kilio ambacho hakuweza kukizuia: "Donati! Donati wangu, umeniacha na nani?"

Bibi Hildegarda alimziba mdomo. Alikuwa amechelewa.

Koti lilikauka palepale. Homa ikaisha. Mtoto akaketi, akalichukua, akalivaa, akafunga vifungo vyote mwenyewe, yeye ambaye hakuwahi kuviweza.

"Donati," Selestina aliita. "Donati, baba." Mtoto hakugeuka.

Nje ya kizingiti, vumbini, palikuwa na nyayo mbichi zinazoondoka, kidole cha mwisho kimepinda kama cha mwanawe.

"Thomas," alisema.

Mtoto akageuka, akatabasamu, akamnyooshea mikono. Selestina akamkumbatia, maana mikono ile ilikuwa bado ya Donati.